Kwa nini ukipasua kuyu unakuta wadudu ndani?

Aliyekulia karibu na mto huku Moshi au Arusha anayajua makuyu, yale matunda madogo yanayobanana kwenye matawi na hata kwenye shina la mkuyu, ukiokota moja ukalipasua vinatoka vidudu vyeusi vidogo, na ukiuliza unaambiwa limeoza hilo, limeingiwa na wadudu, tupa. Wengine wanaongeza kwamba mkuyu unazaa bila kutoa maua.

Yote mawili siyo. Tuanze na maua. Mkuyu unayo, tena mamia kwa mamia, ila yamejificha. Chukua alizeti, ambayo yenyewe ni maua mengi madogo yamepangwa kwenye sahani moja, halafu kunja kingo zake kuja juu taratibu mpaka zikutane, kibaki kitundu kimoja tu, maua yote sasa yanatazamana ndani gizani. Kuyu bichi ndio hilo. Nyuki hapiti hapo, kipepeo hapiti, upepo haufikishi chavua.

Anayepita ni nyigu wa milimita chache tu, Ceratosolen arabicus, ana kichwa bapa kwa ajili ya kujipenyeza. Jike anakuja na chavua kwenye vifuko vya kifuani, anajibana kitunduni mpaka mabawa yanakatika, na akishaingia hatoki tena. Anachavusha maua, anataga, anafia humo. Maua yenye shingo fupi mara nyingi ndiyo yanapata yai na kulea buu, yenye shingo ndefu yanabaki kutoa mbegu, kwa hiyo mti unalipa sehemu ya mbegu zake kama mshahara wa huyo nyigu.

Wiki kadhaa baadaye madume yanatangulia kutoka kwenye vijumba vyao. Hayana mabawa kabisa! Yanapanda majike ambayo bado yamefungiwa, yanatoboa njia ya kutokea, yanakufa. Na wakati huohuo maua ya kiume ndani ya kuyu ndiyo yanakomaa, majike yanajaza vifuko yanaondoka. Kwa hiyo kile kitobo unachokiona kwenye kuyu si alama ya mdudu aliyeingia kuharibu, kimetobolewa kutoka ndani, na ni baada ya hapo ndio kuyu linalainika na kuwa tamu, hondohondo na tumbili wanakula. Sisemi kila mdudu utakayemkuta ni mchavushaji, sisimizi nao wanaingia kwa kitobo hichohicho, na kuna nyigu wengine wanaodunga kuyu kwa nje na kutaga bila kuchavusha chochote.

Jike akishatoka ana siku moja au mbili za kuishi, na bado anafika mbali ajabu. Utafiti wa mwaka 2009 kwenye mikuyu ya mto Ugab, Namibia, ulikuta chavua imesafirishwa zaidi ya kilomita 160, yaani karibu Arusha Moshi kwenda na kurudi, mdudu akibebwa na upepo.

Misri mkuyu ulifika bila nyigu huyu, kwa hiyo kule hautoi mbegu, watu wameupanda kwa vipandikizi tangu enzi za Mafarao.

Huku Afrika Mashariki yupo na ndugu yake, Ceratosolen galili, wanafanana sana. Anaingia kitundu kilekile, anataga kwenye maua yaleyale, na vifuko vya chavua anavyo mpaka leo, ila havijazi.