Taa ilikuwa wapi? Mambo ninayoyaangalia kwenye sizoni za mauaji

Mi ni wakili hapa Tanga, kesi ninazoshika nyingi ni za jinai, na watu wakishajua hivo swali linakuwa sizoni ipi ya mauaji ni ya ukweli na ipi ni chai. Mi naangalia kitu kimoja kwanza, wamemfanyaje yule shahidi anayesema "nilimuona kwa macho yangu".

Tamthilia nyingi zinamaliza hapo hapo. Mtu kachungulia dirishani usiku, mvua inanyesha, kaona sura mara moja, kesho yake anaoneshwa picha anasema ni huyu, basi, muda uliobaki ni kufukuzana na magari. Kwetu hapo ndo kazi inaanza jamani. Kwenye kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ilishaelekeza vitu vya kupima: shahidi alimtazama mtu kwa muda gani, walikuwa umbali gani, mchana au usiku, mwanga ulikuwaje, na je alikuwa anamjua kabla. Na kusema tu "kulikuwa na taa" haikusaidii, unatakiwa useme taa gani, ilikuwa upande upi, ilimulika kiasi gani.

Chukulia umeme umekatika Ngamiani hapa Tanga, mwizi kaingia ndani na panga, mwenye nyumba anasema alimuona kwa tochi ya simu. Sawa, tochi kashika nani? Kama kashika mwizi basi wewe ndo unamulikwa usoni na huoni kitu, na kama umeshika wewe nataka kujua ulimulika sura au ulimulika mkono, maana mtu mwenye hofu macho yake yanaenda kwenye panga. Na sisemi shahidi ni mwongo, wengi wanaamini kabisa wanachosema na hapo ndo pagumu, kwasababu mwongo ukimbana maswali anajichanganya, ila aliyekosea huku anaamini hatikisiki, na mahakama inamuonea huruma.

Ndo maana dokumentari ninayoiheshimu kuliko zote ni ya zamani, The Thin Blue Line ya 1988. Polisi kapigwa risasi usiku barabarani Dallas, Marekani, mwaka 1976, akahukumiwa kifo Randall Dale Adams, na miongoni mwa mashahidi walikuwepo watu waliokuwa wanapita tu na gari! Mtengenezaji wake, Errol Morris, anaigiza tukio lile lile tena na tena, kila mara kulingana na maneno ya anayeongea, gari linasimama, polisi anashuka, kinywaji kinarushwa hewani taratibu, af unaanza kuona mwenyewe kwamba hizi hadithi haziwezi kuwa zote kweli. Adams alitoka gerezani 1989, baada ya hukumu yake kufutwa. Muziki upo, ila haukuambii umchukie nani, unaachiwa upime.

Sasa linganisha na The Jinx ya 2015, ile ya Robert Durst, tajiri wa New York aliyekuwa anashukiwa kwa mauaji. Mwishoni anaenda chooni na maikrofoni bado inarekodi, anaongea peke yake, unasikia kama anakiri kwamba aliwaua wote. Nilisisimka kama kila mtu. Ila baadae, 2019, ikajulikana kwamba yale maneno yalikatwa na kupangwa upya, hayakufuatana vile. Durst alikuja kutiwa hatiani 2021 na mi sina ugomvi na hilo, ugomvi wangu ni mkasi. Kielelezo ukishakipanga upya sio kielelezo tena, na mahakamani angesimama mtu akauliza rekodi nzima iko wapi.

Kingine ni chumba cha mahojiano. Kwenye muvi mpelelezi anamkalia mtu usiku kucha mpaka analia anakiri, na watazamaji wanashangilia. Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inatoa masaa 4 ya msingi ya kumhoji mtu, tangu awekwe chini ya ulinzi, wakitaka zaidi kuna utaratibu wa kuongeza, na maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayoandikisha polisi baada ya kuonywa, yakichukuliwa nje ya muda wakili anayapinga na yanaweza kutupwa yote. Ya vinasaba (DNA) sitaongea sana, ila majibu hayaji kabla ya chai kuisha kama kwenye sizoni, sampuli inasafiri mpaka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na kila aliyeishika lazima ajulikane.

Kwa mnaoandika tamthilia hapa Bongo, nawaomba kwa moyo wote, msichukue mahakama za kwenye muvi za Wamarekani, majaji wetu hawagongi nyundo. Kesi nyingi zinasikilizwa hadharani, huhitaji kibali, unaingia asubuhi unakaa benchi la nyuma na simu umezima. Sikilizeni shahidi wa kwanza tu akihojiwa na wakili wa utetezi.