Msalaba wa Brigid na mikono iliyousuka

Katika alama zote za utamaduni wa Kikelti ninazozichunguza, msalaba wa Brigid, mtakatifu wa Ayalandi, ndio unaonigusa zaidi, kwa sababu haukuchongwa na mafundi wa nyumba za watawa kama ile misalaba mirefu ya mawe, bali husukwa jikoni na wenye nyumba wenyewe, mkesha wa tarehe 1 Februari, siku ambayo Waayalandi kwa jadi huihesabu kuwa mwanzo wa majira ya kuchipua.

Husukwa kwa matete membamba ya kinamasini, yenye uboho mweupe ndani, ambayo kwa desturi hung'olewa kwa mkono badala ya kukatwa kwa kisu. Msukaji hushika tete moja wima, hukunja la pili katikati na kulipitisha juu ya lile la kwanza ili ncha zake zielekee kulia, kisha huuzungusha msuko robo duara kuelekea kushoto na kukunja la tatu juu ya la pili. Huendelea hivyo huku kidole gumba kikibana kitovu, maana kikilegea tu mraba wa katikati hufumuka. Mwishoni ncha nne hufungwa kwa uzi na kusawazishwa. Matete yawe mabichi, kwani yakikauka huvunjika penye mkunjo.

Msalaba huo hutundikwa juu ya mlango au chini ya paa ili kuikinga nyumba na moto, njaa na maradhi. Kinga dhidi ya moto haikuwa jambo dogo kwa watu walioezeka kwa nyasi na kuwasha moto wa kupikia humo humo ndani. Zizini nako ulitundikwa, mara nyingine ule wa miguu mitatu.

Wengi hudai kwamba mikono yake minne ni alama ya jua ya kale kuliko Ukristo. Mungu wa kike aitwaye Brigid ametajwa kweli katika kamusi ya Cormac, kamusi ya kale ya Kiayalandi ya mnamo mwaka 900, akiwa binti wa mungu Dagda na mlezi wa washairi, pamoja na dada zake wawili wa jina hilo hilo, mmoja wa uganga na mwingine wa uhunzi. Lakini mtawa Cogitosus, aliyeandika maisha ya Mtakatifu Brigid wa Kildare katika karne ya 7, hautaji msalaba wa matete hata kidogo. Kwa hiyo hoja ya jua naihesabu kuwa dhana tu, na ninategemea zaidi majibu ya wanavijiji kwa hojaji ya Tume ya Ngano (simulizi na mila za jadi) ya Ayalandi ya mwaka 1942, yanayoonyesha jinsi maumbo yalivyotofautiana kati ya eneo na eneo.

Tangu 2023 Brigid ana siku yake ya mapumziko ya kitaifa, ya kwanza nchini humo kupewa jina la mwanamke, na watoto hufundishwa kusuka shuleni. Wanachofundishwa kwa kawaida ni ule wa mikono minne; natamani wafundishwe na ule wa zizini.