Kanuni ya madhara: mpaka wa uhuru wa mtu uko wapi?

Kanuni ya madhara ni wazo la kifalsafa linaloshikilia kwamba serikali au jamii inaweza kumlazimisha mtu mzima kutenda au kuacha jambo kwa sababu moja tu, nayo ni kuwakinga wengine na madhara. Aliyeifafanua ni Mwingereza John Stuart Mill, katika kitabu chake kuhusu uhuru kilichotoka mwaka 1859. Kinachowashangaza wengi ni kwamba, kwa kanuni hii, kumtakia mtu mema hakutoshi kuwa sababu ya kumlazimisha. Unaruhusiwa kumshauri, kumsihi, hata kumgombeza, lakini kumfunga au kumtoza faini kwa faida yake mwenyewe huruhusiwi.

Tumchukue baba wa familia wa Katuba, hapa Lubumbashi, anayemaliza mshahara wake kwenye pombe. Akiwa peke yake, anajiharibia mwenyewe, na polisi hawana kazi mlangoni pake. Akiwa na watoto wanaolala njaa, anaweza kuadhibiwa kwa haki, ila Mill anasisitiza kwamba kosa lake ni kuwatupa wanawe, wala si ulevi wenyewe.

Mfano mwingine wa Mill unaeleweka kwetu kuliko kwingi, kwa kuwa unahusu nafaka. Anasema kwamba anayeandika gazetini kuwa wafanyabiashara wa nafaka ndio wanaowaua maskini kwa njaa aachwe aandike, hata kama amekosea. Lakini anayeyatamka maneno hayohayo mbele ya kundi lenye hasira, lililokusanyika nje ya nyumba ya mfanyabiashara huyo, anaweza kuadhibiwa. Anayejua manung'uniko ya soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, pale mfuko wa unga unapopanda bei, malori yakiwa yamekwama Kasumbalesa, mpakani na Zambia, hahitaji kuelezwa tofauti hiyo. Maneno ni yaleyale, ila safari hii watu wana mawe mkononi.

Ugumu wote umo katika neno lenyewe, madhara. Kuchukizwa na mavazi ya msichana wa jirani, au na dini yake, hakuhesabiwi kuwa madhara, hata mtaa mzima ukichukia. Vipaza sauti vya baa au vya kanisa vinavyomnyima mgonjwa usingizi hadi alfajiri ni jambo jingine. Katiba yetu ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 23, inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni, kwa masharti ya kuheshimu sheria, utulivu wa umma na maadili mema. Nadhani Mill angekubali sharti la utulivu, lakini hilo la maadili mema angelitilia shaka, kwa sababu karibu kila kinachowaudhi walio wengi kinaweza kuingizwa humo.

Hata hivyo, kanuni hii ilikuja na ubaguzi wake. Mill aliwaondoa watoto, jambo ambalo wachache watalipinga, kisha akaziondoa pia jamii alizoziona bado changa, akidai kwamba kwa hizo utawala wa kidikteta unafaa mradi uziboreshe. Yeye mwenyewe aliifanyia kazi Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya Waingereza iliyoitawala India, kuanzia 1823 hadi 1858. Wabelgiji hawakuhitaji kumsoma ili kuwaza vivyo hivyo: mwaka 1948 walianzisha kadi ya sifa za kiraia, na mwaka 1952 utaratibu wa kumwandikisha Mkongomani aliyehesabiwa kuwa amestaarabika. Mwombaji, mtu mzima mwenye kazi na familia, alitembelewa nyumbani na wakaguzi, wakaangalia jinsi anavyoishi na mkewe, usafi wa nyumba, na namna watu wake wanavyokula mezani.