Reli ya Tabora hadi Mwanza haikujengwa na Wajerumani
Hapa Tabora watu wengi huamini, na hata huwasimulia watoto wao, kwamba reli zote zinazopita mjini kwetu ni za Mjerumani. Hilo ni kweli kwa njia moja tu, ile ya Dar es Salaam hadi Kigoma, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905, wakafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, miezi michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Njia ya Mwanza ni kazi ya utawala wa Waingereza, nayo ilifika ziwani mwaka 1928. Tawi la Mpanda, linaloanzia Kaliua, lilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili, kwa ajili ya madini ya risasi.

Nadhani kosa hili limedumu kwa sababu ya geji, yaani upana wa nafasi kati ya vyuma viwili vya reli. Waingereza waliendeleza upana uleule wa mita moja, na ndiyo maana behewa lililotoka Dar es Salaam liliweza kukatwa hapa stesheni usiku, likafungwa kwenye kichwa kingine na kuelekea Mwanza, huku abiria wake wakiwa wamelala.