Wakili, dalali na nguruwe: jinsi Green Acres inavyochekesha

Vichekesho vingi vya televisheni tulivyokua navyo vinamtoa mtu kijijini, vinamshusha stendi na begi lake, kisha vinangoja avuruge. Anashangaa lifti, anaogopa kuvuka barabara, anasalimia kila anayepishana naye, nasi tunacheka. Wamarekani nao walikuwa na mshamba wao. The Beverly Hillbillies, iliyoanza kurushwa na kituo cha televisheni cha CBS mwaka 1962, ilihusu familia ya milimani iliyokuta mafuta ardhini kwake ikahamia mtaa wa matajiri kule California, na watu waliipenda kupita kiasi. Mbunifu wake, Paul Henning, akaongeza Petticoat Junction mwaka 1963, ya hoteli ya kijijini kando ya reli. CBS walipoona mambo yanajipa wakamkabidhi nusu saa nyingine hewani bila hata kudai kipindi cha majaribio. Henning akampa kazi Jay Sommers, ambaye mwaka 1950 alikuwa ameandikia redio komedi ya mtu wa benki aliyeacha mji akaenda kulima. Sommers akalifufua wazo lake, akaligeuza la televisheni, na tarehe 15 Septemba 1965 ikazaliwa Green Acres. Ilidumu misimu sita, sehemu 170.

Mimi kazi yangu ni kuandika na kuhariri miswada ya vichekesho. Waandishi chipukizi wakiniuliza waanze kutazama nini, hii huwa haikosi kwenye orodha. Sisemi ni ya kuchekesha kuliko zote. Zipo sehemu zinazochosha, hasa za misimu ya mwisho. Naipendekeza kwa sababu ni kama saa yenye mgongo wa kioo: unaona kabisa kipi kinasukuma kipi.

Kisa chenyewe ni kifupi. Oliver Wendell Douglas ni wakili wa New York, msomi wa Harvard, anaishi ghorofani juu kabisa Park Avenue. Kiu yake yote ni kulima. Huko huko ghorofani ameshapanda mahindi kwenye roshani. Hatimaye ananunua shamba katika kijiji cha kubuni kiitwacho Hooterville na kumburuta mkewe, Lisa, Mhungaria wa manyoya na vito ambaye ukimtajia mashamba roho inamtoka. Oliver ameigizwa na Eddie Albert. Lisa ni Eva Gabor, mzaliwa wa Budapest, na ile lafudhi ni yake mwenyewe. Hata wimbo wa ufunguzi, uliotungwa na Vic Mizzy, ni ugomvi wa ndoa: mume anasifia ardhi na hewa, mke anajibu kwa maduka ya New York, na mwishoni wanasimama wameganda kama yule mkulima na mwanamke wa kando yake katika American Gothic, mchoro maarufu wa Grant Wood wa mwaka 1930, uma wa kugeuzia nyasi ukiwa mkononi.

Mpaka hapo mtazamaji anadhani ameshashika mkondo: bibie wa mjini atalia, bwana atafurahi, kila wiki tope kidogo. Kumbe wapi. Lisa anaingia Hooterville kana kwamba alizaliwa huko. Kuku anawapa majina, ng'ombe anamwita Eleanor na kupiga naye soga, majirani wanampenda. Hajui kupika chochote isipokuwa chapati za maji, nazo ngumu ajabu, lakini hakuna anayemlaumu ila mumewe. Mwenye shida ni yule aliyetaka kuja. Oliver amesoma vitabu vyote vya kilimo, anapanda trekta akiwa na suti ya vipande vitatu na tai, anadai kila jambo liwe na sababu, na kwa hiyo kila jambo linamshinda.

Tazama umeme wa nyumba yao. Unatoka kwenye jenereta isiyo na nguvu, basi kila kifaa kimepewa namba, na sheria ni moja: namba za vilivyochomekwa kwa wakati mmoja zisizidi saba ukizijumlisha. Ukichomeka cha 3 pamoja na cha 4, mambo shwari. Cha 3 na cha 5, giza. Lisa anaipokea sheria hiyo kama anavyopokea kwamba jua hutoka mashariki. Oliver anauliza kwa nini. Anatetea, anapiga hesabu, anapandisha sauti, umeme unakatika. Wala waandishi hawakuibuni ili kusimulia dhiki ya vijijini. Serikali ya Marekani ilianza kusambaza umeme mashambani kwa nguvu katikati ya miaka ya 1930, na kufikia 1965 karibu kila shamba la nchi ile lilikuwa nao. Hooterville haikuwa picha ya kijiji chochote. Ilikuwa mahali penye sheria zake.

Na sheria hizo zilitunzwa kwa nidhamu ambayo waandishi wengi hatuna. Simu ya akina Douglas iko juu ya nguzo, nje. Ikilia, Oliver anapanda nguzo na suti yake. Utani huo ungeweza kufanywa mara moja ukasahaulika. Wao waliurudia, na kila unaporudi unazaa mwingine, maana sasa kuna mazungumzo yote ambayo lazima yafanyike juu ya nguzo. Chumba cha kulala nacho kinakarabatiwa na mafundi Alf na Ralph, wanaojiita ndugu wa kiume ingawa Ralph ni mwanamke, na kazi haiishi. Hakuna anayeshangaa jina la Ralph isipokuwa Oliver.

Nataka nikae kidogo kwa bwana Haney, kwa sababu ndiye mhusika ambaye msomaji wa huku kwetu atamtambua bila kuelezwa. Pat Buttram, aliyemwigiza, alikuwa amezoeleka kama msindikizaji wa Gene Autry, yule mchunga ng'ombe wa sinema anayeimba, na alikuja na sauti inayokwaruza kama bawaba isiyo na mafuta. Haney ndiye aliyemuuzia Oliver lile shamba bovu. Kisha anarudi, wiki baada ya wiki, na gari lake, kumuuzia kila kitu ambacho shamba linakosa. Oliver akipatwa na tatizo, kabla hajalitamka Haney yuko mlangoni na bidhaa, na ubavuni mwa gari linashuka bango lililoandikwa huduma hiyo hiyo, kana kwamba ndiyo biashara yake tangu ujana. Ni dalali aliyekamilika. Hajawahi kumlazimisha mtu. Anachouza ni tumaini la mtu wa mjini kwamba kifaa kimoja zaidi kitamaliza tatizo. Wakenya waliojenga vibanda vya kware miaka ya 2013 na 2014, wakisubiri utajiri wa mayai, wanamjua Haney kwa sura.

Upande wa serikali yupo Hank Kimball, bwana shamba wa wilaya. Marekani ilianzisha huduma ya ugani kwa sheria ya mwaka 1914, na wakulima wengi waliotazama walikuwa na bwana shamba wao halisi, kwa hiyo utani huu uliwagusa mahali. Kimball hawezi kumaliza sentensi. Akisema kuna jua, atarekebisha kwamba si jua hasa, halafu atarekebisha marekebisho, mpaka asahau alikuja kwa ajili gani, na mara nyingine asahau anaongea na nani. Alvy Moore aliigiza haya yote kwa uso wa mtu anayefanya kazi yake vizuri sana. Hapo ndipo pa kujifunzia. Hakucheka wala hakujishtukia. Angejua kwamba anachekesha, sehemu yote ingekufa.

Sasa Arnold. Arnold ni nguruwe, lakini kwa Fred na Doris Ziffel ni mwana. Anakwenda shule, anaangalia televisheni na ana vipindi anavyovipenda. Akikoroma, kijiji kizima kinaelewa na kumjibu, Lisa akiwamo. Oliver peke yake ndiye anayesikia mkoromo. Msanii mvivu angemvika nguruwe sauti ya mtu ili mtazamaji acheke kirahisi. Hawa walikataa. Kwa kuwa nasi tunasikia mkoromo tu, tunakaa upande wa Oliver, na tunapoona mazungumzo yanaendelea bila sisi tunaanza kujitilia shaka. Frank Inn, aliyefundisha wanyama wa kipindi, alilazimika kutumia nguruwe wengi kwa miaka ile, kwa sababu nguruwe hukua haraka na Arnold hakutakiwa kukua.

Lakini utani ninaoupenda kuliko wote ni wa filimbi. Oliver ana hotuba yake: mkulima wa Marekani, uti wa mgongo wa taifa, mbegu ndogo inayochomoza udongoni kuelekea jua. Anaponyoosha kidole na kuanza, inasikika filimbi ya kizalendo taratibu. Mtazamaji anadhani ni muziki wa kawaida wa televisheni. Kisha kamera inaonyesha waliomzunguka: wanatazama huku na huku, wanaulizana unatoka wapi. Wao wanausikia. Asiyeusikia ni Oliver. Ni nukta chache tu, lakini kila kitu kimo: mtu aliyejaa nadharia hasikii mbwembwe zake mwenyewe, na wanakijiji wanaodhaniwa hawajui kitu wanasikia mpaka muziki wa studio.

Lisa naye anakwenda mbali zaidi, maana yeye huona maandishi ya skrini. Zipo sehemu anapokwenda kuokota mayai na kukuta majina ya waandishi na mwongozaji yameandikwa juu ya mayai, anayasoma na kutoa maoni, Oliver akimuuliza anazungumzia nini. Mwaka 1965 na 1966, hii ilikuwa televisheni ya kawaida ya jioni ya familia, yenye kicheko cha kurekodiwa. Hata sehemu ya kwanza ilitengenezwa kwa mtindo wa makala ya habari, ikisimuliwa na John Daly, mtangazaji halisi wa habari, kwa uzito kana kwamba wakili kwenda kulima ni tukio la kitaifa. Upekee huo ulishikika kwa sababu kazi ilikuwa mikononi mwa watu wachache: Sommers na mwenzake Dick Chevillat waliandika sehemu kubwa ya miswada, na Richard L. Bare aliongoza karibu zote. Siku hizi tukigawa msimu mmoja kwa waandishi wanane, namba za umeme zingesahaulika kufikia wiki ya tatu.

Kuna waliokidharau kipindi hiki kama upuuzi wa mashambani, na sijui walikuwa wanatazama nini. Wakati ule Marekani ilikuwa inalihama shamba: kutoka mashamba zaidi ya milioni 6 mwaka 1940, yalibaki chini ya milioni 3 mwaka 1969. Mamilioni ya waliokuwa mbele ya televisheni walikuwa wamehama wao au wazazi wao, na sasa wanamwona tajiri anazungumzia kilimo kwa hotuba huku trekta lake likimvunjikia. Walikuwa na haki ya kucheka.

Misimu minne ya kwanza, Green Acres ilikuwa ndani ya vipindi ishirini vilivyotazamwa zaidi nchini. Haikufa kwa kukosa watu. Watangazaji wa biashara walianza kutaka watazamaji vijana wa mijini wenye fedha za kununua, na CBS, chini ya rais wake Robert Wood na msimamizi wa vipindi Fred Silverman, ikafyeka. Mwaka 1971 zilikwenda pamoja Green Acres, The Beverly Hillbillies, Mayberry R.F.D., Hee Haw na hata Lassie. Buttram alitania kwamba wamefuta kila kipindi chenye mti ndani yake.

Ukipata nafasi ya kuitazama, anza mwanzo na ufuate mpangilio, kwa sababu utani wa msimu wa kwanza ndio mtaji wa yote yanayofuata. Ukifika sehemu mbili za mwisho, ziruke. Hizo hazikuwa Green Acres hasa. Zilikuwa majaribio ya vipindi vingine viwili vilivyochomekwa humo kwa matumaini ya kupata mnunuzi, na akina Douglas wanapita tu. Ya mwisho kabisa, ya tarehe 27 Aprili 1971, inamhusu aliyekuwa katibu muhtasi wa Oliver. Hakuna kipindi hata kimoja kati ya hivyo viwili kilichonunuliwa.