Makro si virusi

Mara ya tatu wiki hii nasikia ofisini, "Usilifungue hilo faili, lina makro," kwa sauti ile ile ya kusema lina kipindupindu. Hebu tuelewane.

Makro ni maagizo yaliyohifadhiwa ndani ya faili, ambayo programu huyatekeleza yenyewe kwa mkupuo. Mhasibu anayepanga mishahara kila mwezi kwa hatua zile zile huandika makro, akabonyeza mara moja, akaenda kunywa chai.

Neno lenyewe asili yake ni Kigiriki, makros, yaani refu. Waandishi wa programu wa miaka ya 1950 walikuwa na agizo moja fupi ambalo kompyuta hulikunjua likawa maagizo mengi. Wakaliita kwa Kiingereza "macro instruction", yaani agizo kubwa, baadaye jina likakatwa mkia, ikabaki makro. Kwa hiyo ma- hiyo si ya wingi kama ya makosa. Nimeshamsikia mtu akisema "kro moja", sitanii. Virusi vya makro, yaani vinavyojificha ndani ya makro, vilikuja miaka mingi baadaye: Concept ya 1995 kwenye Word, kisha Laroux ya 1996 kwenye Excel. Daladala likimbeba mwizi, halijageuka mwizi.

Kinachonikera zaidi ni kuchanganya kufungua na kuruhusu. Faili lililotoka kwenye intaneti Excel hulifungua kwa kusomwa tu. Ukibonyeza "Enable Editing" unaomba kuhariri. Makro huachiwa na kitufe kingine, "Enable Content", na hapo ndipo watu wanapobonyeza bila kusoma. Tangu 2022 Microsoft huzuia kabisa makro za mafaili yenye alama ya intaneti, ile ambayo kompyuta hulibandika faili lililopakuliwa: unaona utepe mwekundu usio na kitufe hicho. Lakini faili likipita kwenye flashi, kama tunavyopenda kupeana, mara nyingi alama hiyo hupotea, na ulinzi unabaki kidoleni mwako. Wala usijipe moyo kwa kutazama mwisho wa jina la faili tu: .xlsm inajitangaza kwamba ina makro, ila .xls ya zamani inaweza kuwa nazo na isikwambie.

Basi, dada yangu wa meza ya jirani, useme hivi: "Lisome, ila usiruhusu makro mpaka umpigie aliyelituma." Ukiwa na shaka, lisomee kwenye Google Sheets, ambayo haiendeshi makro za Excel. Na upige namba uliyokuwa nayo zamani, si ile iliyoandikwa kwenye barua pepe yenyewe.