Uzito na joto: mambo mawili yanayopanga njaa ya mjusi

Chukua panya mmoja na mjusi mmoja, wote wa gramu 20. Kwa siku nzima mjusi atatumia chini ya moja ya kumi ya nishati anayotumia panya. Panya huchoma chakula saa zote ili mwili wake usipoe hata usiku wa baridi, lakini mjusi hana gharama hiyo. Joto lake analipata kwa jua, kwa jiwe lililopata moto, kwa hewa iliyomzunguka. Kwa hiyo anayetaka kujua mjusi anahitaji chakula kiasi gani aanze na maswali mawili: ana uzito gani, na mwili wake una joto kiasi gani?

Umetaboli, yaani kazi yote ya mwili ya kugeuza chakula kuwa nishati na kuitumia, tunaupima kwa pumzi. Mjusi huwekwa kwenye chombo kinachopitisha hewa, kisha tunalinganisha oksijeni inayoingia na inayotoka. Ni kazi ya subira. Lazima mnyama awe hajala kwa siku kadhaa, maana usagaji wa chakula peke yake unaweza kupandisha umetaboli mara kadhaa. Awe ametulia gizani, katika joto lisilobadilika. Akishtuka na kuanza kukwaruza chombo, kipimo hicho hakifai tena na inabidi kusubiri upya.

Tuanze na uzito. Kenge wa kilo 10 ni mzito mara 1,000 kuliko mjusi wa gramu 10, ila hahitaji nishati mara 1,000. Kwa mijusi, umetaboli hufuata uzito uliopandishwa kwa kipeo cha karibu 0.8, na ukipiga hesabu unapata kama mara 250 tu. Kila gramu ya kenge, basi, hutumia takriban robo ya kinachotumiwa na kila gramu ya mjusi mdogo. Ndiyo maana kenge wa Komodo wa Indonesia, anayeweza kumeza mlo mmoja unaofikia asilimia 80 ya uzito wake, hukaa wiki nyingi bila kuwinda, ilhali mjusi mdogo anayeishi kwa kudaka wadudu hawezi kujiwekea akiba ya namna hiyo.

Kwa nini iwe hivyo? Mwaka 1883 Max Rubner, mwanafiziolojia wa Ujerumani aliyechunguza mbwa wa ukubwa mbalimbali, alieleza kwamba mnyama mdogo ana ngozi nyingi kulinganisha na mwili wake, hivyo hupoteza joto haraka na hulazimika kuchoma chakula zaidi. Kwa wanyama wa damu moto hoja hiyo inaingia akilini. Lakini mjusi hachomi chakula ili ajipashe joto, na bado kanuni ya uzito inamshika. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa kabisa ambalo mijusi wametufundisha: ngozi peke yake haitoshi kuwa jibu, na ndiyo sababu mjadala umehamia kwenye mambo kama mtandao wa mishipa inayogawa damu mwilini.

Sasa joto. Mwili wa mjusi ukipanda nyuzi 10 za Selsiasi, umetaboli wake kwa kawaida huongezeka mara mbili hadi tatu. Mjusi aliyepoa sana anaweza kuwa na tumbo lililojaa na asisage chochote. Wanaofuga mijusi walijue hili: kumlisha mnyama aliyewekwa mahali pa baridi ni kumdhuru, kwani chakula huweza kumwozea tumboni. Apewe upande wenye joto na upande wa kupoa, achague mwenyewe.

Mahali ambapo uzito na mazingira hukutana waziwazi ni visiwa vya Galápagos katika Bahari ya Pasifiki, kwa iguana wa bahari, mijusi wakubwa wanaojitafutia chakula baharini. Hawa hula mwani. Wadogo hupoteza joto upesi majini, kwa hiyo hula kwenye miamba maji yanapokupwa. Wakubwa hupoa polepole na huweza kuzamia kwenye maji ya baridi. Katika kisiwa cha Genovesa hata dume kubwa halifiki mbali zaidi ya kilo 1, ilhali kule Isabela wapo wanaozidi kilo 10. Miaka ya El Niño bahari hupata joto na mwani hupungua. Hapo ukubwa hugeuka mzigo: mnyama mkubwa anahitaji kidogo kwa kila gramu, lakini jumla ya mahitaji yake ni kubwa kuliko anachoweza kuvuna. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba baadhi ya iguana waliokomaa walipungua urefu, wengine hadi asilimia 20, na waliopungua zaidi waliishi muda mrefu zaidi. Chakula kiliporudi, wakakua tena.

Ongezeko la joto duniani linaingia kwenye hesabu hii moja kwa moja. Tuchukulie kwamba umetaboli hupanda mara mbili na nusu kwa kila nyuzi 10. Nyuzi moja ikiongezeka mahali pa nyuzi 30, nyongeza ya matumizi ya nishati huwa zaidi ya mara sita ya ile ya mahali pa nyuzi 10. Ndiyo kusema mijusi wa nchi za joto wanaweza kuumia hata pale ambapo kipimajoto kimesogea kidogo. Tena matumizi yanapopanda, muda wa kutafuta chakula hupungua, kwa kuwa saa za jua kali hujificha. Nchini Mexico, watafiti waliorudia maeneo 200 yaliyokuwa na mijusi wa jenasi Sceloporus walitangaza mwaka 2010 kwamba asilimia 12 ya makundi hayo yalikuwa yametoweka tangu 1975, hasa pale ambapo majira ya kuzaana yalikuwa yamepata joto kiasi cha kuwafungia mijusi mafichoni kwa saa nyingi. Kwa hiyo tunapokagua eneo la kuhifadhi mijusi, pamoja na kupima joto la hewa huwa tunahesabu pia vivuli: vichaka, mawe yenye nyufa na mashimo ambayo mjusi anaweza kuyafikia bila kukatiza uwanja wenye jua kali.